Miji ya Dunia: Civita, Mji Unaoliwa Chini ya Nyayo Zake

Msafiri atokaye Roma, mji mkuu wa Italia, akishika njia ya kaskazini kwa mwendo wa maili 75 hivi, hufika katika wilaya ya Viterbo, nchi ya vilima, mizabibu na mizeituni. Huko uko mji mdogo uitwao Bagnoregio, na nje kidogo ya mji huo barabara ya magari hukoma ukingoni mwa bonde pana. Hapo msafiri husimama na kushangaa. Katikati ya bonde pana mwamba uliosimama peke yake, kuta zake zimechongoka pande zote, na juu ya mwamba huo zimesongamana nyumba za mawe zenye paa za vigae, na katikati yao mnara wa kanisa. Gari haliwezi kufika huko. Pana daraja moja tu, jembamba, la watu waendao kwa miguu, urefu wake kama futi 1,000, nalo mwisho wake hupanda kwa mwinuko mkali hata kufika langoni. Mji huo ndio Civita di Bagnoregio.

Waitaliani wameupa jina la pili, nao huuita "mji unaokufa". Jina hilo halikutokana na tauni, wala njaa, wala vita, ingawa yote hayo yalipata kupita katika nchi ile. Lilitokana na ardhi yenyewe. Kwa muda wa miaka mingi sana mwamba unaouchukua mji umekuwa ukimeguka kidogo kidogo na kuangukia bondeni, na kila kipande kiangukacho huchukua pamoja nacho nyumba, bustani, au sehemu ya njia. Mtu yeyote aliyepata kuona shamba la mteremkoni likiliwa na maji ya mvua atauelewa msiba wa Civita kuliko watalii wengi wanaokwenda kuupiga picha.

JIWE JUU, UDONGO CHINI

Ili kuifahamu shida ya mji huu, yafaa kwanza kuyajua mambo mawili: udongo ulio chini, na jiwe lililo juu yake.

Zamani za kale, zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, mahali hapo palikuwa bahari. Matope laini yalitua chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, hata yakawa udongo mzito wa mfinyanzi wenye rangi ya kijivu. Bahari ilipoondoka, udongo ulibaki, na hata leo magamba ya wanyama wa baharini huonekana ndani yake, ingawa pwani iko mbali.

Baadaye milima ya moto ililipuka upande wa magharibi, mahali ambapo leo pana ziwa kubwa la Bolsena. Majivu ya moto yalitapakaa katika nchi yote, yakaufunika udongo ule, yakapoa na kushikamana, yakawa jiwe. Jiwe hilo Waitaliani huliita tufo. Si zito, rangi yake ni ya manjano au hudhurungi, nalo hukatika kwa urahisi kwa patasi na sururu. Ni la jamii moja na yale mawe ya kuchonga ambayo kwayo nyumba nyingi za Nairobi zilijengwa, kwa maana hayo nayo asili yake ni majivu ya milima ya moto.

Basi Civita umekaa juu ya kifuniko cha jiwe, na kifuniko hicho kimekaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Mvua inyeshapo, maji hupenya katika nyufa za jiwe na kushuka mpaka kuufikia udongo. Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji upesi. Huyazuia, na wenyewe huloa, hulainika, kisha huteleza. Wakati huo huo vijito viwili, Rio Chiaro na Rio Torbido, hupita chini ya mwamba, kimoja upande huu na cha pili upande wa pili. Torbido maana yake ni maji yaliyovurugika, na jina hilo lajieleza lenyewe, kwa kuwa kijito hicho huchukua udongo na kuupeleka katika bonde la mto Tiber. Miguu ya mteremko ikikatwa namna hiyo, jiwe la juu hukosa kitu cha kulitegemeza. Hupasuka kwa ufa wa kusimama karibu na ukingo. Ufa hupanuka mwaka baada ya mwaka, na siku moja kipande kizima hushuka kwa kishindo.

Udongo uliokwisha kuvuliwa jiwe lake haukai salama. Mvua huuchonga ukawa matuta membamba, makali kama makali ya visu, yasiyo na jani juu yake. Katika lugha ya Kiitaliani matuta hayo huitwa calanchi, nayo yameenea katika bonde lote kuuzunguka mji. Wapiga picha huyasifu kwa uzuri wake, hasa jua linapochwa. Mkulima ayatazamapo huona kitu kingine kabisa: huona ardhi iliyokwisha kupotea, isiyorudi tena.

KWA NINI WATU WALIPANDA HUKO

Mtu aweza kuuliza ni wazimu gani uliowafanya watu wajenge mahali kama hapo. Walakini kwa mawazo ya wakati wao haukuwa wazimu hata kidogo. Katika Italia ya kati miji mingi ya kale ilijengwa vilimani, na sababu zake zilikuwa za maana. Kwanza, adui apandaye mlima huonekana tangu mbali, na achokapo kupanda ni rahisi kumrudisha. Pili, mabonde na nchi za tambarare zilikuwa na maji yaliyotuama, mbu na homa ya malaria, lakini juu kulikuwa na upepo na afya. Tatu, ardhi nzuri ya bondeni iliachwa kwa ajili ya mazao, isipotezwe kwa kujengewa nyumba.

Waliouanzisha mji wa Civita walikuwa Waetruski, watu waliotawala sehemu kubwa ya Italia ya kati kabla ya nguvu za Roma kuenea. Walijenga hapo kama miaka 2,500 iliyopita. Watu hao walikuwa hodari wa kufua vyuma, wa biashara, na hasa wa kukata mwamba. Alama zao zipo hata leo. Walichimba makaburi kama vyumba katika kuta za mwamba, na watu wa nyakati za baadaye wakayatumia kuwa ghala za mvinyo, mazizi na mahali pa kukamulia mafuta ya zeituni. Pia upo mwanya mrefu walioutoboa ndani ya jiwe, ambao mtu aliweza kuupita kutoka mjini kwenda bondeni.

Lakini kazi yao kubwa kuliko zote ni ile isiyoonekana na wageni. Waetruski walitambua mapema kwamba mwamba wao una adui, na adui huyo ni maji. Basi walikata mifereji ya kuyaongoza maji ya mvua yasipenye ovyo, na wakajaribu kuvizuia vijito visiile miguu ya mwamba. Warumi walipoishika nchi ile katika karne ya 3 kabla ya Kristo, hawakuidharau kazi hiyo, waliiendeleza. Huko Civita walipanga njia kwa desturi yao, na uwanja wa katikati ya mji uko mahali palipokuwa uwanja wa mikutano na soko wakati wa Warumi.

Nguvu za Roma zilipokwisha, serikali ile iliyokuwa ikiamuru mifereji isafishwe haikuwapo tena. Walikuja watawala wengine baada ya wengine, kila mmoja na vita vyake. Mifereji ilijaa takataka, vizuizi vya vijito vilibomoka, na maji yakarudia njia zake ya asili. Hapana mtu aliyeamka asubuhi akaona mji umeharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na watu wa Civita kwa karne nyingi walikuwa hodari wa kujenga kuta.

ASKOFU, SIMBA WA MAWE NA MTAKATIFU

Katika karne za kati Civita ulikuwa mji wa heshima. Ulikuwa na askofu wake, na kanisa lake kuu, la Mtakatifu Donato, lipo uwanjani hata leo. Matajiri walijenga nyumba kubwa za mawe zenye madirisha ya nakshi. Juu ya lango la mji walichongwa simba wawili, kila mmoja amekamata kichwa cha mtu. Hao ni ukumbusho wa jinsi wenyeji walivyojikomboa, katika karne ya 15, kutoka mikononi mwa jamaa ya Monaldeschi, mabwana wa mji wa Orvieto ulio karibu. Mji uliweza kumfungia lango mtu wa Orvieto. Haukuweza kulifungia lango tone la mvua.

Mwana mashuhuri wa mji huu ni Mtakatifu Bonaventura. Jina lake la utoto lilikuwa Giovanni, naye alizaliwa kati ya mwaka 1217 na 1221. Alipokuwa mtoto aliugua sana hata ikadhaniwa atakufa. Mama yake akamwekea nadhiri kwa Mtakatifu Fransisko wa Assisi, naye akapona. Habari hiyo Bonaventura aliiandika mwenyewe baadaye. Alipokua alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Paris, akaingia katika shirika la Wafransisko, na mwaka 1257 akachaguliwa kuwa mkuu wa shirika lote. Aliandika vitabu vingi vya elimu ya dini, pamoja na maisha ya Fransisko. Mwaka 1273 Papa alimfanya Kardinali, na mwaka uliofuata, tarehe 15 Julai 1274, alifariki katika mji wa Lyon, Ufaransa, wakati wa mkutano mkuu wa Kanisa. Mwaka 1482 alitangazwa kuwa mtakatifu, na mwaka 1588 akahesabiwa miongoni mwa Walimu wa Kanisa.

Mtu aendaye Civita kwa nia ya kuiona nyumba alimokulia mtu huyo mkubwa hataiona. Ilianguka bondeni zamani. Ukingoni pamewekwa alama tu ya kuonyesha mahali ilipokuwapo, na mbele ya alama hiyo ni hewa tupu. Mfupa wa mkono wa mtakatifu umehifadhiwa katika kanisa kuu la Bagnoregio, ng'ambo ya daraja. Hivyo mkono wa mtu aliyekufa miaka zaidi ya 700 iliyopita umedumu kuliko nyumba ya mawe aliyokulia.

TETEMEKO LA 1695

Mwezi wa Juni mwaka 1695 nchi ile ilipatwa na tetemeko kubwa la ardhi. Nyumba nyingi za Civita zilibomoka, na vipande vya mwamba vikaenda na majengo yaliyokuwa juu yake. Askofu na wakuu wa mji wakaona hapafai tena. Wakahamia ng'ambo, katika mtaa ulioitwa Rota, uliokuwa kiambo tu cha nje. Mtaa huo ndio uliokua ukawa mji wa Bagnoregio wa leo. Mwenyeji akawa mgeni, na kiambo kikawa mji.

Vitabu vingi husema kwamba tetemeko ndilo lililoiua Civita. Maneno hayo yana kweli, lakini si kweli yote. Tetemeko liliitikisa nchi nzima kwa muda mfupi, lakini pale ambapo jiwe lilikuwa limekwisha kupoteza udongo wake wa chini ndipo lilipoanguka kwa urahisi zaidi. Mti uliokwisha kuliwa na mchwa huanguka siku ya upepo, na watu huulaumu upepo.

Tena, kuondoka kwa wakuu kulileta hasara ya pili. Palipoondoka askofu na baraza, ndipo fedha na mafundi walipoondoka pia. Waliobaki walikuwa wakulima na mafundi wadogo, watu wenye nguvu za kutengeneza paa zao, lakini wasio na nguvu za kutengeneza mlima. Matetemeko mengine na maporomoko yakafuata katika karne ya 18 na ya 19.

Hapo zamani Civita na Bagnoregio ziliungana kwa mgongo wa ardhi, na watu pamoja na punda wao walipita juu yake. Mgongo huo nao uliliwa pande zote mbili, ukazidi kuwa mwembamba na kushuka, hata Civita ukabaki kama kisiwa. Ndipo daraja likawa jambo la lazima. Daraja la awali liliharibiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hili la saruji lililopo lilijengwa mwaka 1965.

MAISHA JUU YA KISIWA

Kwa muda mrefu maisha ya mwananchi wa Civita yalikuwa maisha ya kushuka na kupanda. Mashamba yalikuwa bondeni, na nyumba zilikuwa juu. Alfajiri mkulima alishuka na punda wake, na jioni alipanda tena na mzigo wa zabibu, zeituni au kuni. Zeituni zilisagwa kwa mawe makubwa yaliyozungushwa na punda ndani ya pango, na mvinyo ulihifadhiwa katika vyumba vya chini vilivyochimbwa ndani ya mwamba, ambamo baridi haibadiliki kiangazi wala masika. Mawe hayo ya kusagia yapo hata leo, lakini siku hizi hutazamwa tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Italia ilibadilika upesi. Viwanda vilifunguliwa, na kazi za mshahara zikapatikana katika miji mikubwa. Vijana wa vilimani waliona kwamba kazi ya saa nane kiwandani yalipa kuliko kazi ya kutwa nzima bondeni, na nyumba yenye bomba la maji yapendeza kuliko nyumba iliyo ukingoni mwa shimo. Wakaondoka mmoja mmoja. Wazee wakabaki, na wazee hawakai milele. Miji mingi ya vilimani katika Italia ilipatwa na hali hiyo, hata ile ambayo mwamba wake ni imara. Civita ilipatwa na yote mawili: ardhi ilikimbia, na watu nao wakaikimbia ardhi.

Mtu aliyeueneza ule msemo wa "mji unaokufa" alikuwa mwana wa nchi hiyo hiyo, Bonaventura Tecchi, mwandishi wa riwaya na mwalimu wa fasihi ya Kijerumani, aliyezaliwa Bagnoregio mwaka 1896 na kufariki mwaka 1968. Alisema kwa huzuni ya mtu amtazamaye mzazi wake mgonjwa. Hakujua kwamba siku moja maneno hayo yatakuwa tangazo la kuwaita wageni.

WALIOKUJA KUUGUZA

Tangu miaka ya 1960 walitokea watu wa nje waliokataa kuiacha Civita iporomoke. Mmoja wao alikuwa Astra Zarina, bibi aliyezaliwa Riga, nchi ya Latvia, mwaka 1929, akawa mwalimu wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani. Alinunua nyumba iliyobomoka, akaitengeneza kwa mawe na ufundi wa mahali pale pale, na kwa miaka mingi aliwaleta wanafunzi wajifunze jinsi watu wa kale walivyojenga bila kuuharibu mlima. Alifariki mwaka 2008. Kwa mfano wake na wa wengine, nyumba nyingi zilizokuwa magofu zilisimama tena.

Mwaka 2005 shirika la World Monuments Fund la New York lilitoa orodha yake ya mwaka 2006 ya mahali 100 palipo katika hatari kubwa duniani, na Civita uliandikwa humo. Mwaka 2012 lilifunguliwa uwanjani pa mji jumba la makumbusho linalohusu mawe, udongo na maporomoko, ambamo mgeni hufundishwa kwa picha na mifano jinsi mwamba uangukavyo na jinsi unavyozuiwa.

Kazi ya kuuzuia si ya mchezo. Wahandisi wamepenyeza nondo za chuma ndani ya jiwe ili kulifunga lisipasuke. Wamechimba visima vipana karibu na ukingo na kuvitia zege, viwe kama nguzo za kuushika mwamba. Wameweka vipimo vinavyoonyesha mwendo wa nyufa, hata ulio mdogo kabisa. Na huko chini vijito vimewekewa vizuizi ili maji yapungue nguvu. Mtu akiyatazama mambo hayo kwa makini ataona kwamba nondo na zege ni vitu vipya, lakini maarifa si mapya. Kuyaongoza maji, kuvituliza vijito, kuuziba ufa ungali mdogo: haya ndiyo Waetruski waliyokuwa wakiyafanya kwa sururu.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Fedha za kazi kama hiyo hutoka wapi? Hapa ndipo habari ya Civita inapogeuka kwa namna isiyotazamiwa. Karibu na mwaka 2010 wageni waliofika huko walikadiriwa kuwa kama 40,000 kwa mwaka. Mwaka 2013 halmashauri ya Bagnoregio iliamua kwamba kila mgeni avukaye daraja alipe ada ya yuro moja na nusu. Wengi walidhani wageni watakasirika na kupungua. Badala yake waliongezeka. Habari za mji unaotoza kiingilio zilienea, na baada ya miaka michache waliofika kwa mwaka walizidi laki tano. Ada nayo ikapandishwa mpaka yuro tatu, na yuro tano kwa siku za mapumziko. Fedha zilizopatikana zilikuwa nyingi hata halmashauri ikaweza kuwaondolea wenyeji kodi za mji, na vijana wa Bagnoregio wakapata kazi katika hoteli, maduka na mikahawa.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Bagnoregio methali hiyo imetimia. Kwa Civita wenyewe imetimia nusu. Watu wakaao juu ya mwamba mwaka mzima hawafiki ishirini. Nyumba nyingi zilizotengenezwa vizuri ni za watu wa Roma na wa nchi za ng'ambo, nao huja wakati wa likizo. Mchana njia hujaa maelfu ya watu. Jioni, wageni wakisha kuvuka daraja, mji hunyamaza, na madirisha yenye taa huhesabika kwa vidole. Mji uliokuwa ukifa kwa kuachwa umepata kuokoka kwa kutazamwa. Walakini kutazamwa si sawa na kukaliwa. Mwenyeji asafishaye mfereji ulio mbele ya mlango wake hufanya kazi ambayo mgeni mwenye tikiti hawezi kuifanya.

Hata hivyo kungali na siku ambazo Civita huwa mji kweli kweli. Siku ya Ijumaa Kuu msalaba wa kale wa mti, ulio katika kanisa la Mtakatifu Donato tangu karne ya 15, huchukuliwa kwa maandamano kuvuka daraja mpaka Bagnoregio. Desturi yaamuru kwamba lazima urudi Civita kabla ya saa sita za usiku. Ukichelewa, utakuwa mali ya Bagnoregio. Basi kila mwaka watu huupandisha tena usiku, kwenye mwinuko ule mkali, wasije wakaupoteza. Tena mwezi wa Juni na mwezi wa Septemba hufanyika mashindano ya punda uwanjani, kila mtaa na mpanda punda wake. Punda hawakimbii kila mara upande utakiwao, na watu hucheka mpaka machozi. Wazee hukumbuka kwamba ni wanyama hao waliouchukua mji mzima migongoni mwao, pipa kwa pipa na kuni kwa kuni.

UKUTA ULIOBAKI

Karibu na lango la mji pana ukuta mmoja wa nyumba ya fahari ya zamani. Mlango wake upo na madirisha yake yapo, na mtu apitaye njiani hudhani nyuma yake pana vyumba. Akitazama dirishani huona mbingu. Nyumba yote iliyobaki ilikwisha kwenda bondeni, ukabaki uso peke yake.

Ukuta huo waeleza shida ya Civita kuliko kitabu. Waliojenga nyumba ile walikuwa watu wenye mali na akili, wakachagua mawe mazuri na mafundi hodari, wakaupamba uso unaotazama njia. Upande wa nyuma, unaotazama bonde, haukuwa na mtazamaji. Na maji yalikuja kwa upande huo. Leo vipimo vya wahandisi huutazama upande huo usiku na mchana, na mifereji yasafishwa tena. Mji umesimama. Kwa muda gani utasimama, kwategemea masika ya kila mwaka, na kama atakuwapo mtu wa kushika jembe mvua inapokatika.